Jalala la Sauti

Kazi yangu ni kufuta. Watu wakiniuliza nafanya nini kwenye mfululizo wa wanyama pori, huwa nawajibu hivyo, na wengi hudhani nadeki ofisi. Siwalaumu, maana chumba changu kweli nakideki mwenyewe. Mtu wa usafi akiingia atagusa nyaya zangu, na mimi na mtu anayegusa nyaya zangu hatuwezi kukaa zizi moja.

Ninachofuta ni kelele. Mpiga picha anakaa porini miezi kwa miezi, anarudi na mamia ya saa za picha na sauti, na ndani ya sauti hizo kuna kila aina ya uchafu: ndege ya abiria inayopita juu, zipu ya jaketi, tumbo la mtu lililokosa chakula cha mchana, simu ya mtu aliyeapa ameizima. Mimi naondoa kimoja kimoja. Palipobaki pengo naziba kwa kipande cha upepo safi au cha nyenje wa mahali palepale, mpaka anayetazama nyumbani kwake aamini yuko peke yake na mnyama. Nimeifanya kazi hii miaka kumi na tisa. Ofisini wananiita Mama Kimya, na jina nimelikubali kwa sababu ya kazi, maana mdomo wangu haujawahi kutuhumiwa ukimya na mtu yeyote.

Nafanya kazi skrini ikiwa imezimwa. Hilo ndilo lililotuponza, kwa hiyo nalisema mapema. Aliyenifundisha kazi aliniambia jicho ni jizi: likiona simba amefungua kinywa, linaliambia sikio limesikia mngurumo hata kama hakukuwa na mngurumo. Basi mimi nazima picha, navaa hedifoni, nafumba macho na kusikiliza. Kila ninachokata nakitupa kwenye folda niliyoipa jina la Jalala, pamoja na saa, dakika na sekunde yake, ili mtu akija kunidai kitu nijue pa kufukua.

Kipindi cha tano cha msimu huu kilikuwa cha mbwa mwitu, na aliyekipiga picha ni mdogo wangu wa mwisho. Mama yetu alipofariki alikuwa na miaka sita, mimi ishirini, nikamlea. Kila kitu chake nakijua, na zaidi ya vyote naijua pua yake. Ana mafua ya vumbi tangu utotoni. Akifagia chumba anapiga chafya kumi. Akifungua begi la zamani ni kumi na tano. Na kiumbe wa namna hiyo, kati ya kazi zote duniani, akaenda kuchagua ya kukaa kwenye vumbi.

Msimu uliopita chafya yake ilimkimbiza chui aliyekuwa mbele ya kamera. Bosi wetu, ambaye tunamwita Mkasi kwa sababu hana kipindi asichokikata, aliipiga chafya ile kwenye spika kubwa mbele ya ofisi nzima, mara tatu, watu wakavunjika mbavu. Mdogo wangu alicheka pamoja nao. Lakini mimi nimemlea, kicheko chake cha kweli nakijua, na kile hakikuwa chenyewe.

Kwa hiyo sauti za mbwa mwitu zilipofika mezani kwangu, na dakika ya kumi tu nikasikia chafya, nilisema moyoni: haya baba, nitakusitiri. Zilikuwa nyingi ajabu. Kila alasiri ya kila siku, chafya. Nyingine mbili, nyingine kumi mfululizo. Nilimhurumia, nikamtukana kidogo, nikazikata zote. Zilikuwa mia mbili na kumi na nne. Hapakubaki hata moja, na sikumwambia mtu, hata yeye mwenyewe. Wiki tano nilizifanyia kazi zile sauti, na ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo nimewaimbia wenzangu wenye watoto mara nyingi sana.

Siku yenyewe ilikuwa ya kurekodi maelezo. Msimulizi alikuwa anatarajiwa saa tisa alasiri. Saa nne asubuhi Mkasi aliingia chumbani kwangu na karatasi mkononi, mdogo wangu nyuma yake, na kwa jinsi walivyoingia nikajua wameshagombana kwenye ngazi.

"Mama Kimya, hebu nisaidie na huyu ndugu yako," Mkasi alisema. "Kipindi kizima kina mbwa wamelala. Wanaamka, wanakimbia kimbia, wanalambana, halafu mara waende kuwinda, mara walale tena. Mtazamaji ataniuliza kwa nini. Nimempa jibu. Soma."

Nilisoma. Karatasi ilisema: *Kiongozi anatoa amri, na kundi zima linatii.*

"Ni uongo," mdogo wangu alisema.

"Ni hadithi."

"Ni hadithi ya uongo. Bosi, nimekaa nao miezi kumi na mmoja. Mama wa kundi, huyo unayemwita kiongozi, nimemwona kwa macho yangu anaamka, anawazunguka wote, anahangaika, halafu hakuna anayemfuata. Analala tena, ameshindwa. Na siku nyingine anaamka kijana tu, wa mwisho kabisa kwenye kundi, na wote wanaondoka naye. Hiyo ni amri gani?"

"Sasa kama si amri, ni nini?"



"Sijui," mdogo wangu alisema. "Kuna kitu kinatokea pale katikati. Nakiona kama kipo, lakini sikishiki."

Mkasi si mtu mbaya. Ni mtu mwenye haraka, basi. Aliiweka ile karatasi mezani kwangu akailaza kwa kiganja. Alisema msimulizi akifika saa tisa, ama mstari huo usomwe, ama kipindi cha mbwa kitolewe na pale kiwekwe kile cha simba kilichobaki msimu uliopita. Hakuongeza neno, na hakukuwa na haja. Kwenye kazi yetu mpiga picha ambaye kipindi chake kimetolewa hapewi kingine. Alitoka na kutuachia mlango wazi.

Mdogo wangu alikaa kwenye kile kiti changu cha wageni chenye mguu mmoja mfupi. Alikuwa amekonda, jua limemuunguza mpaka masikioni. Miezi kumi na mmoja ya maisha yake ilikuwa mle kwenye kompyuta yangu, na yalikuwa yamebaki masaa matano tu kabla haijageuka uongo au kuwa si kitu kabisa.

"Kubali tu," nilimwambia. Naona haya kuandika hivyo, lakini nilimwambia. "Mstari mmoja. Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe na nani?"

"Na wao," alisema, akiinyooshea kidole skrini iliyozimwa kama vile mbwa wanamsikia, na alisema bila utani.

Tulitazama. Nikawasha picha, jambo ambalo silifanyi, kwa ajili yake. Mbwa kumi na watatu wa madoa, masikio ya duara, wamejilaza kivulini kwenye mchanga karibu na shimo lao. Kisha mmoja anainuka, anajinyoosha, anainamisha kichwa na kuwaendea wenzake. Wanaamka. Wanazungukana, wanagusana midomo, mikia juu. Halafu wanasimama hivi, wakitingisha vichwa kidogo. Halafu ama wanakwenda, ama wanajibwaga chini.

"Hapo," alisema. "Hapo ndipo panaponishinda. Wanatingisha vichwa. Nilidhani ni nzi."

Nikataka kumchangamsha. Ndivyo nilivyo, mtu akihuzunika mbele yangu natafuta utani hata pasipo na utani.

"Shukuru hata hayo unayoyaona yanatazamika," nikasema. "Ungesikia kabla sijasafisha! Chafya zako mia mbili na kumi na nne. Nimezifuta zote, Mkasi hana habari. Dawa nilizokununulia ulikuwa unawapa mbwa?"

Nilitegemea acheke. Aliniangalia.

"Chafya zangu zipi?"

"Zako, jamani. Za pua yako."

"Dada, mimi nilikuwa kwenye gari. Mita themanini kutoka kwao, vioo vimepandishwa mpaka juu. Tangu lile sakata la chui sijawahi kushusha kioo. Maikrofoni niliifunga kwenye kichaka cha miiba hatua tatu kutoka kwenye shimo lao, naenda kuichukua giza likiingia wakiwa wameondoka. Hata ningepiga chafya ya kupasua gari, isingefika kwenye ile maikrofoni."

Nilikuwa najua, kabla sijajua. Kwa miaka kumi na tisa nimejisifu kwamba naweza kumtambua mtu kwa kupumua kwake, na chafya za ndugu yangu niliyemlea nilikuwa nimezisikia wiki tano nzima bila kujiuliza mbona ni fupi hivi, mbona ni kavu hivi, mbona zinatoka puani tu bila kifua. Nilizisikia kwa upendo. Upendo nao ni jizi, kama jicho.

"Ngoja," nilisema. Nikafungua Jalala.

Kurudisha sauti ni kazi ya dakika chache kama umeandika saa zake, na mimi naandika. Nilizirudisha za alasiri moja, kila moja mahali pake, nikatoa hedifoni, nikafungulia spika, tukaangalia tena kile kipande alichodhani ni nzi.

Mbwa mmoja akatingisha kichwa. *Fnnh.* Pua yake.

Mwingine, upande wa kulia. *Fnnh.*

Mama wa kundi. Wawili kwa pamoja. Mwingine tena nyuma yao, nusu mwili kivulini. Kila kichwa kilichotingishika kilikuwa na sauti yake, na kila sauti ilikuwa na kichwa chake, na nikajikuta nahesabu kwa vidole kama mtoto wa chekechea: saba, nane, tisa, kumi. Kisha wakageuka, wote, bila kelele na bila wa kuwasukuma, wakaondoka kwa mwendo ule wao wa kuteleza mpaka mchanga ukabaki mtupu.

Nywele za mikono zilikuwa zimenisimama. Mdogo wangu alikuwa ameshika ukingo wa meza yangu kwa mikono miwili.

"Rudisha siku nyingine," alisema kwa sauti ya chini. "Ile ambayo hawakwenda."

Nikarudisha. Mbwa akainuka, akawazungukia, wakaamka. *Fnnh. Fnnh.* Kimya. Wakatazamana. Kimya. Wakalala.

"Wanaulizana," alisema. "Dada, wanaulizana! Kila siku, mbele yangu, wanaulizana, na mimi nimekaa kwenye gari nimefunga vioo!"

Akaanza kulia na kucheka pamoja, na safari hii kilikuwa kicheko chake cha kweli. Mimi nililia tu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na papo hapo sikutaka kuondoka pale kwenye kiti hata kwa dawa. Kitu hicho kilikuwa kimepita masikioni mwangu mara mia mbili na kumi na nne, na kila mara nilikikata kichwa.

Kumwambia Mkasi ilibidi nimwambie mimi. Nilipiga moyo konde, nikaenda mpaka mezani kwake, na nikasema mbele ya watu wote kwamba zile sauti safi nilizozitia saini nilikuwa nimezikosea. Sijawahi kuitamka sentensi hiyo maishani. Mdomo wenyewe ulikuwa hauijui njia yake.

Alikuja, akatazama vipande viwili, akakuna kidevu.

"Mama Kimya, nakuheshimu. Lakini kila mtu kwenye jengo hili anajua ni ukoo gani unaopiga chafya. Leo asubuhi kipindi cha ndugu yako kina kisu shingoni, mchana mnaniletea chafya. Wewe ungekuwa mimi ungeamini?"

Hapo hasira ilinipanda, na namshukuru Mungu kwa hasira yangu maana ndiyo iliyonipa akili.

"Hutaki kuamini macho? Vizuri, hata mimi siyaamini," nikamwambia. "Kaa hapo. Nazima picha. Chagua alasiri yoyote, mimi sichagui. Utasikia chafya tu. Uniambie wameondoka au wamelala. Halafu nawasha tuone nani mwongo."

Ni wakati huo msimulizi alipofika, na chupa yake ya maji ya moto na skafu yake shingoni. Ni mzee mwenye sauti nzito ya kifahari, akisalimia utadhani anafungua mkutano. Alisikia habari, akavuta kiti, akasema na yeye atashindana. Mdogo wangu alisimama ukutani, mikono kifuani. Nikazima skrini.

Mkasi akachagua tarehe. Tukasikiliza: upepo, nyenje, miguu kwenye mchanga, vile vilio vyao vyembamba vya kusalimiana. Kisha chafya mbili.

"Wamelala," alisema Mkasi.

Nikawasha. Wamelala.

Akachagua nyingine. Chafya kumi na moja. Msimulizi alizihesabu kwa kugonga chupa yake. "Hao wameshakwenda, bwana!" alisema, na kweli walikuwa wamekwenda. Ya tatu, chafya moja tu, pweke. Walilala. Ya nne, kumi. Walikwenda. Mkasi alikuwa ameshaisogeza miwani juu ya kipaji cha uso na kuvuta kiti mbele, na hakuna aliyekuwa anatazama saa.

Ya tano ilikuwa na tatu.

"Wamelala," walisema wote wawili kwa pamoja.

Nikawasha. Mchanga mtupu. Walikuwa wameondoka.

"Aha!" Mkasi alisema, na akapiga paja. Lakini niliona usoni mwake kwamba hakufurahi. Alikuwa ameshaanza kutaka iwe kweli.

Mdogo wangu alikuja mbele polepole. "Rudisha nyuma," alisema. "Rudisha mpaka mwanzo kabisa. Nani aliyeinuka wa kwanza?"

Nikarudisha. Aliyeinuka wa kwanza alikuwa mama wa kundi.

"Sasa zile za kumi na moja. Nani?"

Kijana. Mbwa wa mwisho wa mwisho, aliyekuwa akila mifupa wenzake wakishashiba. Za kumi, kijana mwingine. Zile mbili walizolala, alianza mama wa kundi mwenyewe, na zilikuwa mbili tu.

"Mkubwa akisema twende," mdogo wangu alisema, akitafuta maneno moja moja, "zinamtosha chafya tatu, nne. Mdogo akisema twende, inabidi zifike kumi. Lakini hata mkubwa, wasipomuunga mkono, halazimishi. Analala kama wenzake."

"Kidole kimoja hakivunji chawa," alisema msimulizi, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu aliongea kwa sauti ya kawaida, ya mtu aliyeko nyumbani kwake.

Niseme ukweli hapa, nisije nikaonekana natia chumvi. Siku chache baadaye mdogo wangu aliandikia chuo kikuu kimoja, na wakamjibu kwa upole kwamba watafiti walikwishaliona jambo hilo na kulihesabu miaka kadhaa nyuma, wakubwa kwa wadogo, na kwamba mbwa mwenyewe anawaza nini anapopiga chafya hakuna anayejua bado. Sikuumia hata kidogo. Nilifurahi kwamba mtu mwingine naye alikaa kwenye vumbi akasikiliza, na hakufuta.

Mkasi aliomba nyingine, na nyingine tena. Saa tisa ilipita. Kisha mdogo wangu akasema kuna moja anataka tuitazame tukiwa na picha, maana aliyemo hawezi kueleweka kwa sauti peke yake.

Alikuwa dume aliyempa jina la Miguu Mitatu. Mguu wake wa mbele ulivunjika mapema mwaka ule, ukapona kwa kupinda, na kuanzia hapo hakuwahi kukimbia tena. Wenzake wakienda kuwinda yeye hubaki kwenye shimo na watoto. Alasiri hiyo aliyeanza alikuwa kijana. Wakaamka, wakasalimiana, wakasimama. Chafya zikaja moja moja, mimi nahesabu, sote tunahesabu. Sita. Saba. Zikasimama kwenye tisa. Kimya kikawa kirefu, na mmoja wao akaanza kukunja miguu ya nyuma ili alale.

Miguu Mitatu alikuwa amejilaza mdomoni mwa shimo. Hakuinuka. Aliinua kichwa tu, akawatazama, akapiga chafya.

Wakaondoka.

Yeye akabaki anatazama walikopotelea, masikio yamesimama. Msimulizi alisema taratibu, "Huyu amepiga kura ya safari asiyokwenda."

Mdogo wangu akasogeza mbele. Jua limeshuka, mchanga umekuwa mwekundu. Wanarudi, matumbo yamejaa, nyuso zina damu. Watoto wanatoka shimoni wanawaparamia, nao wanawatapikia nyama. Na Miguu Mitatu anachechemea mpaka kwa wa kwanza, anamlamba pembe ya mdomo kama afanyavyo mtoto, na yule mkubwa anainamisha kichwa na kumtapikia na yeye. Kisha wa pili. Kisha wa tatu. Alikula mpaka akaacha.

Mkasi alivua miwani akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Kisha aliichukua ile karatasi yake mezani kwangu, akakata ule mstari kwa kalamu, mara mbili, mpaka karatasi ikatoboka.

"Zirudishwe zote," aliniambia. "Zote mia mbili na ngapi vile. Na kwenye majina ya mwisho wa kipindi sitaki kuona umesafisha chochote."

"Sasa mimi hapo niseme nini?" msimulizi aliuliza.

Mdogo wangu alifikiri. "Sema wanaamua. Halafu unyamaze, tuwasikie."

Akaingia kwenye kibanda, akasema neno moja, na akanyamaza vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia akiongea. Kipindi cha tano kikabaki kipindi cha tano. Mkasi, akitoka, alimshika mdogo wangu bega akamuuliza msimu ujao angependa kwenda kwa mnyama gani, na hilo kwenye ofisi yetu ni zaidi ya barua ya mkataba.

Tukabaki wawili. Alikuwa ananisaidia kukunja nyaya, na yeye peke yake ndiye namruhusu kuzigusa. Nilimwomba radhi. Alisema hakuna radhi, nilikuwa namlinda. Nikamwambia ndiyo maana naomba radhi. Akacheka, akakunja nyaya mbili zaidi, kisha akauliza bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza kumebaki chai:

"Na kwenye vipindi vingine, dada? Huko nyuma. Ulikuwa unafuta nini?"

"Uchafu tu," nilisema. "Ndege. Zipu. Matumbo yenu."

Lakini sikio langu lilikuwa limeshaondoka kwenda kutafuta peke yake, na lilikuwa limesimama mahali. Nikaketi.

"Wale tembo wa msimu wa pili," nikasema. "Wale wa bwawani. Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Nilikuwa msaidizi."

"Kulikuwa na mvumo. Wa chini kabisa, unausikia kifuani zaidi ya masikioni. Unaanza upande mmoja, unakata, kunakuwa kimya, unaanza tena upande wa pili. Uliniudhi wiki tatu. Nilikuwa nasema, hawa watu wameshindwa kuzima jenereta hata kwa saa moja?"

Aliacha kukunja. "Ukaufuta?"

"Wote. Na Jalala la msimu ule nilishalimwaga. Na kadi zenyewe za kurekodia zimeshatumika tena, si unajua jinsi Mkasi alivyo bahili wa diski." Nilikuwa naongea haraka kama mtu anayejitetea mahakamani. "Ilikuwa jenereta, sivyo? Niambie ilikuwa jenereta."

Mdogo wangu aliweka waya chini, akaja akachuchumaa mbele ya kiti changu, akanishika mikono yote miwili. Hivyo ndivyo nilivyomshika mimi siku nilipomwambia habari za mama.

"Kambi ile tulikuwa tunachaji kwa sola," alisema. "Hatukuwa na jenereta. Walikuwa wanaongea, dada."